Les Misérables pale London: chagua siti kwa masikio

Watu wakiniambia wanaenda London na wanataka kuona igizo moja la muziki, huwa wanauliza bei, halafu wanauliza siti gani inaonekana vizuri. Kwa Les Misérables mi nawaambia waanze na masikio. Kazi yangu ni saundi, na nilipoenda kuliona pale Sondheim Theatre, Shaftesbury Avenue, nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye spika usiku mzima.

Lile igizo linaimbwa karibu lote, hamna mazungumzo ya kawaida ya kukuokoa, ukipitwa na mistari miwili mitatu ndo ushapoteza kwa nini yule polisi Javert anamsaka Valjean, mfungwa wa zamani, miaka yote ile, na ni karibu masaa matatu ukihesabu na mapumziko. Kwa hiyo soma hadithi kwa kifupi kabla hujaenda, halafu lipia siti utakayosikia maneno.

Jumba lenyewe ni la 1907, enzi ambazo mwigizaji alitegemea kifua chake tu. Kama majumba mengi ya umri ule, balkoni imekuja mbele sana na inafunika safu za nyuma za chini, na ukikaa huko sauti ya spika kubwa za juu haikufikii sawasawa, inazibwa. Dawa yake ni spika ndogo zinazofungwa kwenye dari chini ya balkoni, ila hapo kuna kazi: sauti hewani inaenda kama mita 343 kwa sekunde, yani mtu aliyekaa mita 20 toka jukwaani anamsikia mwimbaji baada ya milisekunde kama 58, wakati spika iliyo juu ya kichwa chake ingemfikia papo hapo. Fundi anaichelewesha ile spika makusudi, milisekunde chache zaidi ya hizo 58, ili sauti ya jukwaani itangulie, na ubongo ukishapata ya kwanza unaamini sauti yote inatoka kule kwa mwimbaji. Ikifanywa vizuri hutajua hata kama spika ipo. Hata hivo, mi bado nakushauri safu za mbele za ghorofa ya kwanza, hapo hakuna kinachokuziba na jukwaa lote unaliona.

Sasa maiki. Watu wanadhani hamna kwa sababu hawazioni. Angalia paji la uso la mwigizaji, pale nywele zinapoanzia: kuna kidude kama punje ya mchele, waya wake unapita chini ya wigi mpaka kisogoni, unashuka mgongoni hadi kwenye kisambaza mawimbi kilichofungwa kiunoni ndani ya nguo. Inawekwa pale kwa sababu kichwa kikigeuka maiki inageuka nacho, umbali toka mdomoni haubadiliki. Na hazikai wazi zote kwa pamoja, hapana, kuna mtu mmoja nyuma ya ukumbi kwenye mikisa, ile meza ya kurekebishia sauti, anapandisha maiki ya kila mwimbaji sekunde anapoanza mstari wake na kuishusha akimaliza, mstari kwa mstari, kila usiku. Waigizaji wawili wakikumbatiana mara nyingi anafunga moja, la sivyo sauti ileile inaingia maiki mbili kwa kupishana kidogo na inakuwa nyembamba, kama imetobolewa.

Ngojea mwisho wa sehemu ya kwanza, wimbo wa One Day More. Valjean, Javert, wapenzi Marius na Cosette, Éponine anayempenda Marius bila kupendwa, wanafunzi waasi na akina Thénardier, wale matapeli wenye nyumba ya wageni, kila mmoja na melodi yake, zinapandana mpaka zinakuwa kitu kimoja, na bado unaweza kumfuata mmoja ukimtaka. Mi nilimfuata Éponine. Nilisisimka mwili mzima, na najua kabisa vidole vingapi vinahangaika kule nyuma ili yeye asizame.

Kama ulizoea kusikia habari za jukwaa linalozunguka, hilo halipo tena, toleo la sasa linatumia picha za kuangazwa zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, yule mwandishi wa riwaya yenyewe.

Tiketi za punguzo zipo kwenye kibanda cha TKTS pale Leicester Square, ila sio kila onyesho linakuwepo kila siku. Wakikupa siti za chini, uliza kwanza kama ziko chini ya balkoni, na kama ni zile safu za mwisho kabisa ulizia za juu.