Ombi halikuwa kura: dhana potofu kuhusu wananchi na uteuzi wa magavana katika maeneo mapya ya Marekani, 1787–1841

Msomaji wa Kenya akisikia neno gavana, moja kwa moja anawaza sanduku la kura. Msomaji wa Tanzania akielezwa kazi alizofanya gavana wa mpakani kule Marekani miaka 200 iliyopita, atamkumbuka mkuu wa mkoa: mtu wa rais, aliyeletwa na hati ya uteuzi na anayeweza kuondolewa kwa barua moja. Huyu wa pili ndiye aliye karibu na ukweli. Mengi yanayosemwa vibaya kuhusu maombi ya wananchi wa wakati ule yanatokana na kuchanganya magavana wa aina hizi mbili.

Hapa tunazungumzia "maeneo", yaani nchi zilizokuwa magharibi ya majimbo ya awali na ambazo hazijawa majimbo: Ohio, Indiana, Illinois, Michigan, Mississippi, Louisiana, baadaye Iowa na nyinginezo.

Dhana: Wakazi walimchagua gavana, na waraka wa maombi ulikuwa namna yao ya kupiga kura

Mfumo wenyewe uliwekwa na sheria ya 13 Julai 1787 iliyounda Eneo la Kaskazini-Magharibi. Gavana aliteuliwa na Kongresi, yaani bunge la taifa, kwa miaka 3. Katiba mpya ilipoanza kazi, sheria ya 7 Agosti 1789 ikahamishia uteuzi huo kwa rais, kwa idhini ya Seneti, na rais akapewa pia uwezo wa kumwondoa. Mkazi wa Marietta, Vincennes au Kaskaskia, miji ya eneo hilo, hakuwa na kura yoyote katika jambo hilo. Wala hakumpigia kura rais aliyemteua gavana huyo, kwa kuwa uchaguzi wa rais ulikuwa wa majimbo.

Katika hatua ya kwanza eneo halikuwa hata na bunge. Gavana na majaji 3 walichukua sheria zilizokwisha kutumika katika majimbo ya awali wakazitangaza kwao. Bunge la kuchaguliwa lilikuja pale tu wanaume huru watu wazima walipofika 5,000, na mpiga kura alitakiwa awe na ardhi ekari 50. Bunge likishapatikana, gavana aliweza kukataa muswada wowote bila wabunge kuwa na njia ya kumshinda, na aliweza kulivunja bunge lenyewe. Arthur St. Clair, gavana wa kwanza wa Kaskazini-Magharibi, alikataa miswada 11 kati ya 30 katika kikao cha kwanza cha bunge mwaka 1799.

Kwa hiyo karatasi ya maombi ilikuwa na uzito mkubwa kwa watu hawa, maana sauti nyingine hawakuwa nayo. Lakini kisheria ilikuwa ushahidi tu, uliowekwa mbele ya mtu mwenye uamuzi. Marekebisho ya Katiba ya 1791 yalilinda haki ya kupeleka ombi. Hayakumlazimisha anayelipokea kulikubali.

Dhana: Aliyepata saini nyingi ndiye aliyepata kazi

Tazama Illinois. Sheria ya kulitenga eneo hilo na Indiana ilipita 3 Februari 1809 na kuanza kutumika 1 Machi. Tarehe 7 Machi, siku 3 tu baada ya kuapishwa, Rais James Madison alikuwa ameshamteua John Boyle wa Kentucky. Tangu sheria kupita hadi uteuzi ni siku 32. Kaskaskia iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Washington, kwa farasi na mashua, wakati wa baridi. Habari za sheria zifike, watu wakutane, waandike, wazungushe karatasi, kisha majibu yarudi Washington: muda huo haukuwepo kabisa.

Boyle naye akaikataa kazi. Aliona bora ujaji wa mahakama ya rufani ya Kentucky. Tarehe 24 Aprili akateuliwa Ninian Edwards, jaji mkuu wa mahakama hiyohiyo. Aliyempigia debe ni Henry Clay, mwanasiasa wa Kentucky, pamoja na seneta John Pope, binamu yake Edwards. Wakati huohuo katibu wa eneo, aliyekaimu ugavana mpaka Edwards alipowasili mwezi Juni, alikuwa Nathaniel Pope, mdogo wake seneta. Illinois ilikuwa bado hatua ya kwanza, haina mjumbe wa kuisemea katika Kongresi, kwani mjumbe alichaguliwa na bunge la eneo na bunge halikuwepo. Mlango wa rais ulishikwa na wanasiasa wa jimbo jirani. Ukisoma orodha ya magavana wa maeneo ukajiuliza kwa nini wengi walitoka Kentucky, Virginia au Pennsylvania, jibu mojawapo ni hili.

Mfano mwingine wa uchungu zaidi ni wa Mississippi. Cato West aliongoza kamati ya wakazi waliompinga gavana Winthrop Sargent, baadaye akawa katibu wa eneo, na gavana W. C. C. Claiborne alipohamishiwa New Orleans mwishoni mwa 1803, West akakaimu. Aliliendesha eneo hadi 1805. Hati ya ugavana ikaenda kwa Robert Williams, mtu wa North Carolina.

Na umati ukisimama wima kumpinga mtu? Julai 1831 Rais Andrew Jackson alimteua Stevens T. Mason kuwa katibu wa Eneo la Michigan. Gavana akisafiri, katibu ndiye gavana. Mason alikuwa na miaka 19. Wananchi wa Detroit walifanya mkutano, wakaunda kamati, kamati ikamwendea kijana kumuuliza umri wake, naye akakiri kwamba hajafika miaka 21. Hoja yao ilikuwa nzito: mtu asiyeruhusiwa kupiga kura anawezaje kushika mamlaka ya eneo zima? Wakamwandikia rais kutaka aondolewe. Jackson hakumwondoa. Sheria haikutaja umri wa katibu, na hapo ndipo ombi lao lilipokosa mguu wa kusimamia. Gavana George B. Porter alipofariki kwa kipindupindu mwaka 1834, Mason alikaimu, na mwaka 1835 wapiga kura wa Michigan wakamchagua gavana wa jimbo akiwa na miaka 23.

Dhana: Maombi yote yalipelekwa Kongresi

Hili limewapoteza hata waandishi makini. Anwani ilitegemea kinachoombwa. Kuteua, kurudisha au kumwondoa gavana lilikuwa jambo la rais. Kubadilisha muundo wa serikali, kugawa eneo, kupunguza mamlaka ya gavana au kurekebisha hati za ardhi lilikuwa la Kongresi. Waraka uliochanganya yote mawili ulimpa kila upande nafasi ya kusema kwamba sehemu iliyobaki haimhusu.

Maombi ya uteuzi yaliishia mara nyingi mezani kwa Waziri wa Mambo ya Nje. Msomaji wa leo hushangaa, lakini wizara hiyo ndiyo iliyosimamia maeneo hadi 1873, na waziri wake alitia saini hati za uteuzi pamoja na rais.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mkutano uliitishwa, mara nyingi kwenye jengo la mahakama au nyumba ya wageni. Wakachagua mwenyekiti na katibu, wakapitisha azimio, wakateua watu wachache wa kuandika. Maandishi yakinakiliwa, kila kijiji au kata ilipata karatasi yake yenye maneno yaleyale, ili saini zikusanywe kwa wakati mmoja. Kisha karatasi zilikusanywa, zikaambatanishwa na barua ya mtu anayefahamika Washington, zikakabidhiwa mjumbe au msafiri, au zikatiwa posta. Barua kwa rais hazikulipiwa posta. Kwa mbunge au seneta nazo zilipita bure wakati wa kikao, ila kwa sheria ya posta ya 1792 kifurushi kisizidi aunsi 2, kama gramu 57. Karatasi nene zenye saini nyingi zilivuka kipimo hicho kwa urahisi.

Kalenda ndiyo iliyoua maombi mengi. Kongresi kwa kawaida ilianza kikao Jumatatu ya kwanza ya Desemba, na katika miaka witiri ilimaliza muda wake 3 Machi. Seneti ikiwa likizo, rais aliweza kuteua peke yake, na hati hiyo ikadumu hadi mwisho wa kikao kilichofuata. Edwards aliingia kwa njia hiyo. Waliotaka kusikika walipaswa kuhesabu nyuma, wiki kwa wiki, kutoka siku ambayo miaka 3 ya gavana inakwisha. Waliosubiri mpaka nafasi iwe wazi walikuta jina limeshaandikwa.

Dhana: "Wananchi" maana yake ni kila mtu, au maana yake ni matajiri tu

Ukipata nafasi ya kuiona karatasi moja ya namna hii, iangalie taratibu. Juu pana maandishi ya mkono mmoja uliotulia. Chini yake majina kwa safu. Mahali fulani mwandiko wa karani unaandika jina zima, na katikati, kati ya jina la kwanza na la ukoo, pana alama ya X; neno "yake" limewekwa juu ya ile X na neno "alama" chini yake. Huyo ni mtu asiyejua kuandika, na jina lake limehesabiwa sawa na la mwanasheria. Kutia saini hakukudai ekari 50 kama kura ilivyodai. Kwa mkulima Mfaransa wa Vincennes asiye na hati safi ya shamba alilorithi, karatasi hii ilikuwa wazi pale ambapo uchaguzi ulikuwa umefungwa.

Karani mwenye kuzungumza Kiingereza akiandika majina ya Kifaransa aliyaandika jinsi sikio lake lilivyoyapokea. Jean Baptiste anafupishwa kuwa J. Bte, na kwa kuwa akina Jean Baptiste walikuwa wengi, majina mawili yanayofanana si lazima yawe udanganyifu. Safu nzima ya majina kwa mwandiko mmoja bila alama yoyote ya X ndiyo ya kutilia shaka, na wapinzani hawakuchelewa kulisema hilo katika ombi lao la kupinga.

Waliokosekana ni wengi kuliko waliopo. Mataifa ya wenyeji asilia kama Shawnee na Miami, wenye nchi hiyo, walikuwa wakiongozwa na mikataba na vita, na gavana yuleyule alikuwa msimamizi wa mambo yao. Ombi la wananchi halikuwahesabu. Watumwa hawakuhesabiwa. Wanawake hawakuwa wapiga kura. Mwezi Januari 1804, wanaume huru weusi 55 wa New Orleans walitia saini hotuba yao kwa Claiborne, wakitaka haki zao na nafasi yao katika jeshi la wanamgambo zitambuliwe. Waraka huo unastahili kusomwa pamoja na wa Wafaransa wenye mashamba, tutakaouona hapa chini, ambao ndio hutajwa siku zote.

Kuna jambo moja zaidi la kuangaliwa katika saini: vyeo. Sheria ya 1787 ilimpa gavana kuteua maofisa wote wa wanamgambo walio chini ya jenerali, pamoja na mahakimu wa kila wilaya. Ombi la kumbakiza gavana likijaa makapteni na mahakimu, limejaa watu waliopata vyeo kwa mkono wake. Washington walilijua hilo vizuri.

Dhana: Gavana lazima awe mkazi mwenye ekari 1,000 kabla ya kuteuliwa

Sheria ilisema awe na ardhi hiyo, kama hekta 405, akiwa katika kutumikia cheo. Mgeni aliweza kuteuliwa kwanza na kununua baadaye. Waombaji waliotegemea kifungu hiki kumzuia mtu wa nje walishindwa.

Dhana: Ombi lililokataliwa lilikuwa kazi bure

Hapa ndipo historia hii inapopendeza, kwani mara nyingi waombaji walikosa walichoomba wakapata kingine. Wakazi wa Natchez, katika Eneo la Mississippi, walimtuma Narsworthy Hunter kupeleka malalamiko dhidi ya Sargent. Kongresi haikumfukuza gavana; sheria ya 10 Mei 1800 ikawapa bunge la kuchaguliwa hata kabla ya kufikisha wanaume 5,000. Mwaka uliofuata Rais Thomas Jefferson akamweka Claiborne.

New Orleans nao mwaka 1804 waliwatuma Pierre Derbigny, Jean Noël Destréhan na Pierre Sauvé hadi Washington na waraka uliolalamikia, pamoja na mengine, gavana asiyejua lugha yao. Gavana alibaki. Sheria ya 2 Machi 1805 ikawapa bunge la watu 25. Claiborne huyohuyo alichaguliwa kwa kura kuwa gavana wa jimbo mwaka 1812.

Kwa St. Clair, mashtaka aliyopeleka mpinzani wake Thomas Worthington mwanzoni mwa 1802 yalimletea onyo tu. Kilichomponza ni mdomo wake: Novemba mwaka huo alisimama mbele ya mkutano wa kuandika katiba ya jimbo la Ohio huko Chillicothe akaishambulia sheria ya Kongresi, na barua ya kumwondoa ikaandikwa tarehe 22 mwezi huohuo. Faili lilikuwa limeshajaa, lilikuwa linangoja sababu.

Iowa ndiyo iliyofika mbali zaidi. Bunge lake la kwanza, lililokutana Burlington mwaka 1838, lilichoshwa na gavana Robert Lucas kukataa miswada, likamwomba Rais Martin Van Buren amwondoe. Van Buren akakataa. Lakini malalamiko hayohayo yalifika Kongresi, na sheria ya 3 Machi 1839 ikaruhusu bunge la Iowa kupitisha muswada uliokataliwa kwa theluthi mbili ya kura. Lucas aliendelea kukaa kitini, mamlaka yakiwa yamepunguzwa, hadi 1841, alipobadilishwa na rais mpya: William Henry Harrison, aliyekuwa gavana wa Eneo la Indiana kwa miaka 12.