Vizazi vya Nuhu, vizazi vya Tera: neno "vizazi" katika kitabu cha Mwanzo

Hivi karibuni nimemsikia tena mwalimu wa Biblia akiwasomea vijana Mwanzo 6:9, akaandika VIZAZI ubaoni na kulipigia mstari mara mbili. Nuhu, alisema, alikuwa "mkamilifu katika vizazi vyake", yaani damu ya ukoo wake haikuchanganyika na ya Wanefili, majitu ya kale wanaotajwa mwanzoni mwa sura. Vijana wakanakili madaftarini. Iliniuma, maana fundisho zima limesimama juu ya neno moja la Kiswahili ambalo hapo limebeba maneno mawili ya Kiebrania.

Mstari wenyewe: "Hivi ndivyo vizazi vya Nuhu. Nuhu alikuwa mtu wa haki, mkamilifu katika vizazi vyake." Vizazi vya kwanza ni toledoti: uzao wa mtu, pamoja na habari za uzao huo. Vya pili ni doroti: watu walioishi zama moja. Basi Nuhu alikuwa mkamilifu kati ya watu wa wakati wake. Kuhusu damu, mstari haujasema lolote. Na huo "ukamilifu" ni neno lile lile analoambiwa Abramu katika 17:1, aende mbele za Mungu awe mkamilifu; hapo hakuna anayefikiria damu.

Toledoti limetoka kwenye mzizi wa herufi Y-L-D, kuzaa. Kiarabu, ndugu yake Kiebrania, kina W-L-D, na huko ndiko tulikopata Maulidi, sherehe za kuzaliwa kwa Mtume. Doroti nalo huhusishwa na mzizi wa kuzunguka, ule ule uliotupa neno duru kupitia Kiarabu. Kizazi cha namna hii ni duru moja ya watu: wanakuja, wanapita, wengine wanashika zamu.

Siwalaumu waliotafsiri Biblia ya mwaka 1952. "Kizazi" ni mtoto halali wa kitenzi kuzaa, kama toledoti lilivyo kwa Kiebrania. Pita hospitalini: wodi ya wazazi ni ya akina mama wanaojifungua, na mama akiondolewa kizazi tunajua ni tumbo lake la uzazi. Neno lilikuwa na kuzaa ndani yake tangu mwanzo. Ila sisi wa leo, tuliozoea "kizazi kipya" na "kizazi cha sasa", tukisikia vizazi tunawaza miaka na marika tu, na hapo ndipo tunapopotea.

Tunapotea zaidi katika 2:4, "vizazi vya mbingu na nchi". Nimewasikia watu wazima wakiapa kwamba maneno hayo yanathibitisha kulikuwa na enzi nyingine za watu kabla ya Adamu. Tazama kifungu hiki, "vizazi vya fulani", kinavyofanya kazi. Kinatokea mara 11 katika kitabu, Esau akitajwa mara mbili, na karibu kila mara anayetajwa ni mzazi, huku habari inayofuata ikiwa ya wanawe. Katika 11:27 tunasoma vizazi vya Tera, lakini Tera anafariki sura ile ile na safari yote inayofuata ni ya mwanawe Abramu. Vizazi vya Isaka, 25:19, vinatupa Esau na Yakobo wakishindana tumboni. Vizazi vya Yakobo, 37:2, na jina linalofuata papo hapo ni Yusufu, kijana wa miaka 17 anayechunga kondoo.

Rudi sasa kwenye 2:4. Mbingu na nchi zimekaa mahali pa mzazi. Kinachofuata ni mtu aliyefinyangwa kwa mavumbi ya ardhi, na Kiebrania kinaziweka sauti bega kwa bega: adamu, mtu, adama, ardhi. Kisha bustani, Kaini na Habili. Hao ndio uzao wa mbingu na nchi, wala si enzi za watu kabla ya Adamu.

Wayahudi waliotafsiri kitabu hiki kwa Kigiriki waliliandika toledoti kama genesis, na kitabu chote kikabeba jina hilo. Mathayo anaanza Injili yake kwa maneno ya Kigiriki yale yale ya Mwanzo 5:1, na pale Biblia yetu inasema "kitabu cha ukoo". Kama 5:1 nayo ingesema ukoo, tungekuwa na mabishano machache.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ubao wako unatosha. Ongeza maneno mawili tu. Juu ya vizazi vya kwanza andika "uzao", juu ya vya pili "watu wa zama zake". Kisha wasomee vijana mstari wa 10, unaofuata mara moja: Nuhu akazaa wana watatu, Shemu, na Hamu, na Yafethi.