Mzee wa barazani na mantiki ya boti

Mie nasomesha mantiki, na kila nikikaa barazani hapa Mji Mkongwe hakosi mtu wa kunambia "mwalimu, watu wa siku hizi hawana mantiki kabisa". Hapo nabisha. Mantiki inasema tu kauli hizi zikiwa kweli basi na hii ni kweli, haijali we una hasira au hujalala, akili ya mtu inavyokwenda hasa ni kazi ya saikolojia. Frege, yule mwanafalsafa wa mantiki wa Kijerumani, alishasema tangu 1884 visichanganywe na hapo niko nae.

Ila wanasaikolojia wakaifanya mantiki rula ya kupimia watu. Peter Wason, 1966: kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, zinazoonekana tuseme E, K, 4 na 7, sheria ni kwamba yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili, ugeuze zipi ujue kama imevunjwa? Wengi wanasema E na 4. Jibu E na 7, maana 4 hata uigeuze vipi haivunji kitu, ila 7 ikiwa na irabu nyuma basi sheria imevunjwa. Wanaopata ni wachache mno, na ni watu wa chuo hao.

Inayonikuna zaidi ni ya mwanasaikolojia Ruth Byrne, 1989, nikaigeuza ya kwetu nikaipeleka barazani. "Akiwa na tiketi atakwenda Pemba leo. Tiketi anayo. Jee, atakwenda?" Wote: atakwenda, sasa hilo nalo swali? Nikaongeza, "Na boti ikiondoka, atakwenda Pemba leo." Mzee mmoja akaweka kikombe cha kahawa chini: "Hapo sasa mwanangu mpaka tujue bahari ikoje." Kwa mantiki ya vitabuni kakosea, kauli mpya haiwezi kufuta hitimisho lililokwishatoka. Na watu wa Byrne walifanya vivyo hivyo, karibu wote walikubali mwanzo, kauli ya pili ilipoingia wakabaki chini ya nusu.

Mie simpi kosa mzee. Ile sentensi ya kwanza kaisikia kama sote tunavyoisikia, akiwa na tiketi na kusiwe na jengine la kumzuia. Mantiki za namna hiyo, za kurudi nyuma habari ikibadilika, zipo tangu Reiter, mtu wa sayansi ya kompyuta, 1980, na watafiti Stenning na van Lambalgen wakaonesha majibu ya watu wa Byrne yanakaa humo vizuri tu. Kadi za Wason ndo ngumu. Wanasaikolojia Oaksford na Chater 1994 waliwatetea wanaochagua ile 4 kwa hesabu za uwezekano, wamejitahidi wallahi, ila mie bado hawajanishawishi.