Karanga Nimekula Tangu Utoto, Leo Zinanidhuruje? Maswali na Majibu Kuhusu Mzio wa Chakula Unaoanza Ukubwani

Kituo chetu cha afya kiko kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, mkoani Mbeya. Maswali haya naulizwa dirishani, kwenye benchi la wagonjwa, hata sokoni nikiwa nachagua viazi. Nimeyaandika yanavyokuja. Moja, la kama usubiri nyumbani, limerudiwa kwa sura tofauti makusudi, kwa sababu watu hujijibu wenyewe nyumbani, na hujijibu vibaya, kabla ya kuja kwetu.

Mzio, au aleji, ya chakula ni nini hasa?

Ni kinga ya mwili kukosea kumtambua adui. Protini ya karanga au ya samaki haina ubaya, lakini mwili unaiona kama mvamizi na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Ukila tena, chembe za kinga zinamwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini. Ndani ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya saa 2 kupita, unawashwa, unatokwa na mabaka yaliyovimba kama uliyepita kwenye upupu, midomo na kope zinajaa, unatapika, au kifua kinabana.

Tumbo kujaa gesi na kuharisha kila ukinywa maziwa ni jambo jingine. Watu wazima wengi kwetu matumbo yao hayameng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Inakera, lakini haifungi koo.

Nina miaka 38 na karanga nimezila tangu utotoni. Leo nimevimba. Si nimelishwa kitu?

Kaka yangu, ulichokula ni karanga. Mzio unaweza kuanza umri wowote, hata kwa chakula ulicholelewa nacho. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watu wazima zaidi ya 40,000, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba karibu nusu ya wenye mzio wa chakula walikuwa na angalau mzio mmoja ulioanza wakiwa wameshakuwa watu wazima. Kwa hiyo "nimekila miaka yote" si kinga.

Kuna na hili linalowachanganya watu: leo unakula unadhurika, kesho unakula hicho hicho na hakuna kitu. Nilimhudumia kijana mpakiaji wa viazi. Asubuhi alikula chapati mbili na chai, akameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, akaanza kupandisha lumbesa kwenye lori. Gunia la tano au la sita hivi, mwili mzima ukawasha, macho yakajaa, akadondoka. Jumapili iliyotangulia alikuwa amekula chapati akalala zake, hakuna kilichotokea, ndiyo maana wenzake walishaanza kumtaja mtu wa kijiweni kwamba amemroga. Hakurogwa. Mwili wa baadhi ya watu unaivumilia ngano wakiwa wamekaa, lakini kazi nzito, pombe, dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, au hata homa, vinaushusha ule uvumilivu. Ukija kwetu tuambie ulikula nini, na pia ulimeza nini na ulikuwa unafanya nini. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, nayo itaje, hatukuhukumu.

Nasema hili la kulishwa na kurogwa kwa sababu linakula muda. Watu wanakaa wanajadili nani ana ugomvi na nani huku koo la mgonjwa linafunga.

Vyakula gani vinasumbua zaidi?

Kwa watu wazima duniani wanaotajwa sana ni kamba na kaa, kisha samaki, karanga, korosho na jamii yake, maziwa, mayai, ngano, soya na ufuta. Huku juu kamba tunawaona kwa nadra, ila karanga ziko kila mahali: kwenye majani ya maboga, kwenye kashata, na hasa kwenye uji wa lishe, ambao mtu anaununua akidhani ni mahindi na ulezi tu kumbe ndani kuna karanga na soya. Na ile mashine ya kusaga haioshwi. Kabla ya debe lako la mahindi limepita debe la lishe la mtu mwingine. Mwenye mzio mkali asage mahali pasiposagwa lishe, au atwange nyumbani.

Kukaanga karanga hakuondoi shida, badala yake kunaweza kuongeza makali.

(Kwa wenzangu wa kazi: ukiona glavu za mpira zinakuwasha mikono, halafu ndizi au parachichi linaanza kukuwasha mdomo, hayo mawili ni ndugu. Huku Rungwe kuikwepa ndizi ni kazi, najua.)

Nikivimba midomo baada ya kula, ninywe maziwa?

Hapana.

Naeleza. Julai moja, baridi ya kung'ata, walimleta mama kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, saa 3 usiku. Alikuwa amekula majani ya maboga yaliyoungwa karanga tangu magharibi. Mumewe bado ameshika kikombe cha plastiki chenye maziwa nusu, mengine yamemwagika kwenye kitenge cha mama kwa sababu alishindwa kuyameza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Nikauliza imeanza lini. "Alipomaliza tu kula, daktari, ila tulikuwa tunasubiri maziwa yafanye kazi." Maziwa yenyewe yalitafutwa nyumba tatu, mpaka kwa jirani mwenye ng'ombe. Gari likatafutwa mwisho.

Alipona, baada ya sindano mbili. Maziwa hayakuchangia chochote, sana sana yangeweza kumpalia. Maziwa hayafuti mzio. Hayafungui koo. Vivyo hivyo maji ya mkaa, mafuta ya kula, na kutia kidole ili atapike.

Basi nimeze piritoni nilale, asubuhi nije?

Hapana. Piritoni na setirizini zinatuliza kuwashwa na mabaka, na kwa mabaka peke yake sina ugomvi nazo. Lakini hazifungui njia ya hewa na hazipandishi presha iliyoporomoka. Piritoni pia inaleta usingizi, kwa hiyo mtu analala, nyumba inasema "ametulia", kumbe anaishiwa pumzi.

Na nikimeza mbili?

Hapana. Hata tatu.

Nitajuaje kwamba hii ni ya kukimbia, si ya kusubiri?

Ulimi au koo kuvimba, sauti kubadilika, kushindwa kumeza mate, kikohozi cha ghafla, kifua kupiga filimbi au kubana, kizunguzungu, kulegea, kuzimia. Au mabaka yakiambatana na kutapika mfululizo na tumbo kukata. Moja tu kati ya hizo, ikifuata chakula, inatosha. Usisubiri mabaka yatokee, kwani wengine hawatokwi nayo kabisa. Mwenye pumu awe na haraka kuliko wote.

Kwa wale wanaofariki kwa mzio wa chakula, mara nyingi moyo husimama katika muda wa nusu saa hivi. Pima mwenyewe nusu saa ni nini kutoka kijijini kwako mpaka barabarani, kisha uniambie kama kuna nafasi ya kwenda kuomba maziwa.

Ni usiku, mvua inanyesha, na midomo imeanza kupungua. Tusubiri kuche?

Hapana. Twendeni. Zahanati ya karibu kwanza, si lazima hospitali kubwa ya mjini, ila mtangulie kupiga simu kwa mhudumu mnayemfahamu ili awashe taa. Ikipungua mkiwa njiani, msigeuze.

Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa imeinuliwa. Kama anashindwa kupumua, akae. Anayetapika au aliyezimia alazwe ubavu. Asisimamishwe ghafla wala kutembezwa "apate hewa", maana presha ikiwa imeshuka, kule kusimama tu kunaweza kummaliza. Kwa sababu hiyo hiyo aliyelegea hapakiwi bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Tafuta bajaji, Noah, kirikuu, chochote kinachomruhusu kulala.

Huko zahanati atafanyiwa nini?

Adrenalini. Ndiyo dawa, na nyingine zote ni wasaidizi wake. Mtu mzima anachomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hali isipobadilika anarudiwa baada ya dakika 5. Inabana mishipa iliyolegea, inapandisha presha, inafungua kifua, uvimbe wa koo unashuka. Ni dawa ya bei ndogo, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dripu na oksijeni vinafuata panapohitajika. Ile haidrokotisoni mnayoidai kwa jina inachukua saa kadhaa kufanya kazi, haitangulii.

Akipata nafuu asidai kuondoka, "daktari nimeacha watoto". Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine. Tunamwangalia, mwenye hali mbaya analala hapa.

Zile kalamu za adrenalini za kujichoma mwenyewe, za kubeba mfukoni, usitegemee kuzikuta duka la dawa la mtaani. Kwa hiyo wewe mwenye historia, nenda zahanati yako leo ukiwa mzima, uulize kama adrenalini ipo na nani anashika funguo usiku.

Kuna wanaopita na mashine, unashika chuma mkononi inataja aleji zako zote. Nipime?

Okoa hela yako. Kipimo cha kwanza ni maelezo yako: nini, kiasi gani, baada ya muda gani, mara ngapi. Kisha hospitali kubwa zinaweza kufanya kipimo cha ngozi au cha damu kuthibitisha. Hata hivyo vipimo vikionyesha kitu ambacho unakila bila shida, hatukukatazi kukila.

Nijaribu kidogo nyumbani, nione kama bado?

Hapana, tafadhali. Kiasi kidogo kinatosha kumuua mwenye mzio mkali, na kwamba mara ya kwanza ulivimba midomo tu hakukuhakikishii kwamba mara ya pili utavimba midomo tu. Kujaribu kunafanyika hospitali, sindano ikiwa mezani.

Mama mkwe anasema najidekeza. Juzi aliponda karanga laini kabisa akaziweka kwenye mboga aone kama nitajua. Nifanyeje?

Ulijua, bila shaka, na nashukuru umeniuliza ukiwa hai. Dada, usibishane naye jikoni, na usile alichopika mpaka hili liishe. Mwombe mume wako amlete hapa Jumatano asubuhi, foleni huwa fupi. Shikamoo nitampa, kiti nitampa, halafu nitamsimulia ile habari ya mama wa kirikuu, kuanzia kwenye kikombe cha maziwa.