Kwa nini upepo wa Juni huwafunga wavuvi wa Ziwa Nyasa lakini huwashibisha samaki?

Ukipita Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya mwezi Juni ukakuta usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wameadimika na sado imepanda bei, uliza sababu. Jibu huwa fupi: "Ziwa limechafuka, ndugu yangu." Wengi tunaondoka na jibu hilo tukidhani baridi imewafukuza samaki. Haikuwafukuza. Samaki wapo, tena kwa upande wa chakula kipupwe ni msimu wao wa neema. Aliyekwama ni mvuvi, na kilichomkwamisha ndicho kinachomlisha samaki.

Ziwa Nyasa limejinyoosha kutoka kaskazini kwenda kusini kwa zaidi ya kilomita 550, na kina chake hufika kama mita 700. Ukisikia kina hicho unaweza kudhani samaki wana nafasi isiyo na mwisho. Ukweli ni kwamba kuanzia mita 250 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, na samaki hawezi kuishi humo. Majani yaliyoletwa na mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe, kinyesi cha samaki na mizoga yao, vyote huzama na kuozea huko chini. Rutuba inajilimbikiza gizani, ilhali mwanga wa jua uko juu. Vijimea vya majini, ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula chote cha ziwa, vinahitaji vyote viwili mahali pamoja.

Wakati wa joto, Desemba hadi Machi, hilo ni gumu kutokea. Maji ya juu hufika nyuzi joto 28 hivi, ya chini hubaki kwenye 22 au 23. Maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo mdogo hauwezi kuyachanganya, na rutuba ya chini hubaki chini.

Kipupwe kinapoingia mambo hubadilika kwa njia mbili. Upepo wa kusini-mashariki, ambao ziwani hujulikana kama mwera, huvuma mkavu na wenye ubaridi, ukiyageuza maji ya juu kuwa mvuke na kuyanyang'anya joto lake hadi nyuzi 23 au 24. Tofauti kati ya juu na chini inakaribia kuisha. Hapo upepo uleule unapata nguvu ya kuyakoroga maji kwa kina kikubwa zaidi, na sehemu ya rutuba inapanda hadi kwenye mwanga. Vijimea vinaongezeka, vijidudu vya majini vinakula vijimea, usipa wanakula vijidudu, mbasa wanawafukuzia usipa. Yote hayo yameanzishwa na upepo.

Lakini hebu simama ufukweni Matema uangalie huo upepo unavyofika. Umetoka kusini kabisa ukipita juu ya maji matupu, na kadiri upepo unavyopita umbali mrefu juu ya maji ndivyo unavyojenga mawimbi makubwa. Kyela na Matema ziko mwisho wa njia hiyo, kwa hiyo zinapokea mawimbi yaliyokwisha kukua. Kushoto kwako ukitazama ziwa, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Mtumbwi ukizidiwa kati ya Ikombe na Lupingu, sehemu za kutia nanga ni chache na zilizobaki ni mwamba. Mwera unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo bila kutulia. Mvuvi anayeamua kubaki nyumbani siku hizo ana akili timamu, na sisi wanunuzi tusimlaumu kwa bei.

Uvuvi wa usipa wenyewe unazidisha ugumu. Usipa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawakusanya, kisha wavu unawazungushia. Kazi hiyo inataka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu ya kuwavuta, na inataka maji yaliyotulia, kwa sababu mtumbwi unaoyumba hauwezi kushikilia taa na wavu mahali pamoja. Hesabu ya Juni ni hiyo. Toa usiku wa mbalamwezi, toa usiku wa mwera, kinachobaki ni kidogo. Wakipatikana, angalau kuwaanika ni rahisi kuliko Aprili na Mei ambapo mvua ya Kyela haipumziki, maana upepo na jua la kipupwe vinawakausha vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Upepo unaposukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, maji ya uvuguvugu yanarundikana upande wa Kyela, na kule kusini, upande wa Malawi, maji baridi yenye rutuba yanapanda kujaza nafasi. Kusini ndiko kunakofaidi kwanza. Upepo ukipumzika, matabaka hayo yaliyoinama yanarudi kana kwamba yanataka kusawazika, yakipita kiasi na kurudi tena, na kwa mwendo huo ubaridi unafika kaskazini pia. Juu ziwa linaweza kuonekana limetulia kabisa wakati chini yake tabaka zima linapanda na kushuka. Samaki hufuata maji yanayowafaa, kwa hiyo wavu uliotegwa kina kilekile unaweza kujaa wiki hii na kurudi mtupu wiki ijayo.

Pwani nako ni upepo wa jamii hiyohiyo, kusi. Bahari ya Hindi kwenye pwani yetu hupoa kutoka nyuzi 29 au zaidi mwezi Machi hadi karibu 25 mwezi Agosti, mawimbi hukua, na wenye vyombo vidogo huvulia zaidi ndani ya miamba hadi maleleji, kipindi cha utulivu kati ya kusi na kaskazi, yafike. Kwa hiyo Mtwara na Matema, zilizo mbali hivyo, hupata shida ya aina moja katika miezi ileile.

Anayeingia majini kipupwe hiki afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo na mawimbi kabla ya kusukuma mtumbwi, na jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe.

Sasa tupande mlimani, maana Njombe, Makete na Mufindi hakuna mwera wa ziwani. Kule baridi yenyewe ndiyo yenye amri. Nenda kwenye bwawa la perege saa 1 asubuhi mwezi Julai, umande bado mweupe kwenye nyasi, urushe konzi ya pumba. Pumba inatandaa juu ya maji, inalowa, inazama, na hakuna mdomo unaoonekana. Rudi saa 8 mchana urushe konzi nyingine: maji yanachemka kwa samaki. Perege hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo na hakui, karibu na 16 huacha kula, na kwenye 10 hadi 12 huanza kufa. Pumba uliyomrushia asubuhi haikumsaidia; inaozea chini na kula oksijeni anayoihitaji. Miezi hii mlishe mara moja, mchana, kidogo, na usimvue kumhamisha bila sababu, kwani perege aliyepata mikwaruzo kwenye baridi hushikwa na kuvu upesi.

Trauti ni kinyume chake. Samaki huyu aliletwa nyanda za juu zama za ukoloni, na bado yupo Mufindi na kwenye vijito baridi vya milimani. Anapenda nyuzi 10 hadi 16, kwa sababu maji baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi, na mayai yake hayastahimili maji ya uvuguvugu. Perege anapojikunyata chini ya bwawa, trauti yuko kwenye mkondo akiwinda.

Kama una bwawa Makete na perege wako hawakui mwaka wa pili sasa, kabla ya kubadilisha chakula nunua kipimajoto cha kawaida, upime maji alfajiri na mchana kwa wiki nzima ya Julai. Yakikaa chini ya nyuzi 20 hata mchana, tatizo si chakula. Ongeza kina cha bwawa, ondoa miti inayolizuia jua, au fikiria kufuga trauti ikiwa una maji ya kijito yanayotiririka mwaka mzima.