Je, wajua kwa nini hita ya injini ya lori isiyo na kasoro huweza kuonekana imekufa?

Usiku wa baridi kali, madereva wa Alberta na Manitoba huko Kanada, na wa Alaska huko Marekani, huchomeka malori yao ya dizeli kwenye umeme. Mgeni huweza kudhani waya ule unachaji betri au unapasha mafuta tangini. Sivyo. Unalisha hita ya injini, yaani koili iliyozama kwenye maji ya kupoza injini. Dizeli haina plagi za cheche. Huwashwa na joto la hewa inayobanwa na pistoni, na chuma kilichoganda hulinyonya joto hilo mapema. Andrew Freeman wa North Dakota alipata hataza ya hita ya injini mwaka 1949.

Kuipima ni rahisi. Chomoa plagi ukutani, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, gusa pini mbili bapa. Umeme wa huko ni volti 120, hivyo hita ya wati 1,000 isome omu 14 hivi, ya wati 750 omu 19. Kisha pima kila pini bapa na ile ya erthi: hapo mita isisome chochote. Ikisoma, umeme unavuja, na waya huo usirudi ukutani.

Mtego uko kwenye kipimo cha kwanza. Mita ikinyamaza, mtu huamua koili imekatika, akamwaga maji ya rejeta na kununua hita nyingine. Pengine amebadilisha kitu kisicho na kasoro. Nyaya za baadhi ya magari, zikiwemo pikapu za dizeli za kampuni ya GM, zina thamostati ndani ya plagi, yaani swichi inayoongozwa na joto, inayozuia umeme usipite mpaka baridi ifike takriban nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuipima mwezi Julai ni kama kupiga hodi kwenye geti la mlinzi aliyeambiwa asifungue kabla ya saa mbili usiku: hujibiwi, ukaondoka ukisema nyumba ni tupu. Wenyewe wamo.

Mpite mlinzi: pale waya unapochomolewa kwenye hita, pima miguu ya koili yenyewe. Wengine hutia plagi kwenye friza ya nyumbani, hila inayochekesha, ila friza nyingi huwekwa kwenye nyuzi 18 hizo hizo, kwa hiyo thamostati huenda isishtuke.

Mvumo wa maji kuchemka karibu na koili ni dalili njema. Ukimya hauthibitishi ubovu. Kilicho bora ni mita ya wati kwenye soketi: hita ya wati 1,000 hula ampea 8 na kidogo, mradi thamostati, kama ipo, imeruhusu umeme upite.