Vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili navipata wapi

Kila shule zikikaribia kufunguliwa walimu wenzangu wa huku Kigoma wananiuliza swali lile lile, mwalimu, vitabu vya watoto unavitoa wapi? Hawaulizii vya kiada, hivyo PDF zake zipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), wanaulizia vya hadithi, vile mtoto anakaa nacho kwenye kona ya darasa akasoma kwa raha zake.

Mimi naanzia African Storybook, tovuti ya shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi nyingi tu za Kiswahili. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo inafaa. Unadaunlodi siku una bando afu unapeleka steshenari. Hadithi ya kurasa 16 inaingia kwenye karatasi 4 tu za A4, maana karatasi moja ikikunjwa inabeba kurasa 4, ila mwambie aprinti kijitabu pande zote mbili la sivyo kurasa zitavurugika, kava weka manila, piga pini katikati. Leseni zake ni huria, kopi ruksa, lakini soma ukurasa wa mwisho kwanza maana zingine haziruhusu kuuza.

Sasa kupata ni kazi ndogo, kazi ni kuchagua. Hadithi nyingi zinapangwa ngazi kwa wingi wa maneno kwenye ukurasa, na kwa Kiswahili hapo ndo tunapotea, kwa sababu neno letu moja linabeba sentensi nzima. Chukua "hawatanisubiri", ni neno moja lakini silabi 7, mtoto wa la kwanza akifika katikati ameshasahau alianzaje! Kwa hiyo mimi sihesabu maneno, nahesabu silabi za neno refu kuliko yote kwenye ukurasa, likizidi 4 kitabu kinasubiri la pili. Na ufupi nao usikudanganye, "mbwa" ni neno fupi tu lakini linamsumbua mtoto kuliko "kuku" au "baba", hizo mbw, ng' na nyw zinataka zifundishwe kwanza.

Halafu wengi wa watoto wangu nyumbani wanaongea Kiha, Kiswahili chenyewe wanakikuta shuleni. Niliwahi kupokea boksi zima la vitabu vya msaada, vizuri vya rangi, vyote Kiingereza na picha za theluji, watoto walifunua picha siku mbili basi, na iliniuma sana kwa sababu nafasi kwenye rafu ilikuwa ndogo. Tangu hapo nikiulizwa na mtu anayetaka kuchangia namwambia wazi, nipe rimu ya karatasi na wino wa printa.

Na vinavyosomwa kuliko vyote tumevitunga wenyewe. Watoto wanasimulia, mfano wanavyoanika dagaa ufukweni Kibirizi na mvua ikaja ghafla, mimi naandika maneno yao ubaoni tunayafupisha pamoja, wao wanachora, tunashona kwa uzi. Anayesoma pale anajua neno linalofuata kabla hajalifikia, kwa anayeanza kusoma huo ni msaada mkubwa mno.

Jamani msivifungie kabatini ofisini. Vya kwetu vinaning'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, usawa wa macho ya mtoto, na chini sakafuni hatuweki hata kimoja maana mchwa wa huku usiku mmoja tu wanamaliza boksi.